Kila namba kwenye polinomia ina kisa chake: momenta za chembe zinavyorekebishwa

Tuanze na hesabu moja. Elektroni imetoka kwenye mashine ikiwa na nishati ya GeV 10.6 (GeV na MeV ni vipimo vya nishati ya chembe, GeV 1 ni MeV 1000, na hapa tunavitumia kwa momenta na masi pia), imegonga protoni iliyotulia ndani ya haidrojeni ya kimiminika, imechepuka nyuzi 10, na protoni imebaki nzima haijavunjika wala hakuna chembe nyingine iliyozaliwa. Hapo hata kabla hujapima momenta ya hiyo elektroni, yaani kiasi cha mwendo wake, unaijua tayari, nishati na momenta havipotei, kwa hiyo ukishajua pembe umejua kila kitu, ni lazima iwe GeV 9.047. Sasa unafungua data unakuta ditekta, yaani kifaa cha kunasa na kupima chembe, imesoma 9.002.

Nusu asilimia. Mtu atakwambia nusu asilimia si kitu, achana nayo. Ila angalia inachofanya kwenye kitu tunachokiita W, yaani masi ya vyote vilivyobaki baada ya kuitoa elektroni. Kwa mgongano kama huu W inatakiwa iangukie kwenye masi ya protoni, MeV 938, na hiyo nusu asilimia inaisukuma hadi karibu 990. Na ukumbuke mlango wa kuzaa pioni ya kwanza (chembe nyepesi kuliko protoni) uko kwenye 1073, kwa hiyo kosa dogo la momenta limekutembeza zaidi ya theluthi ya njia kutoka "protoni imebaki nzima" kuelekea "kuna pioni humu". Unaanza kuchanganya migongano ya aina mbili tofauti kabisa, afu unachapisha matokeo.

Hesabu hii nimeipa sura ya maabara ya Jefferson Lab, pale Newport News, Virginia, Marekani, kwenye ditekta inayoitwa CLAS12 iliyoanza kukusanya data 2018. Kabla yake ilikuwepo CLAS ya zamani iliyofanya kazi hadi 2012. Zote mbili zimegawanywa sekta sita kuzunguka bimu (mkondo wa elektroni kutoka kwenye mashine) kama vipande vya chungwa, kila sekta ina chemba zake za waya, na katikati ya sekta na sekta kuna koili ya sumaku. Kwenye CLAS12 waya za kupima ni zaidi ya 24,000. Hebu fikiria, waya 24,000 zimetandazwa ndani ya mashine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, na wewe unataka ujue kila moja iko wapi kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita. Haiwezekani ukapatia zote, na hapo ndo kazi ya kurekebisha inapoanzia.

Momenta haipimwi moja kwa moja, hili watu wengi hawalijui. Kinachopimwa ni jinsi njia ya chembe ilivyopinda ndani ya uga wa sumaku. Chembe yenye momenta ndogo inapinda sana, yenye momenta kubwa inapita karibu imenyooka. Chukua upinde wa mshale: kuna ule mti uliopinda na kuna uzi ulionyooka, na umbali kati ya katikati ya mti na uzi ndo kina cha tao. Kama uga ni tesla 1 na njia ina urefu wa mita 2, chembe ya GeV 1 inakupa kina cha sentimita 15, kitu unaweza kupima na rula ya shuleni. Chembe ya GeV 9 inakupa milimita 16.7 tu.

Sasa tuseme chemba moja imekaa vibaya, imesogea kiasi kwamba kina cha tao kinasomeka na kosa la milimita 0.1, unene wa karatasi. Kwa chembe ya GeV 1 hilo ni kosa la asilimia 0.067, yaani MeV 0.67, hata hulioni. Kwa chembe ya GeV 9 ni asilimia 0.6, yaani MeV 54. Momenta imekua mara 9 lakini kosa limekua mara 81, na 81 ni 9 mara 9. Ukishaiona hiyo namba umeelewa nusu ya makala hii, maana kosa la chemba kukaa vibaya linakua kwa mraba wa momenta, ndo kazi yake ya p² (p ni momenta) kwenye polinomia, ile fomula ya kurekebisha nitakayoiandika hapa chini.

Na vipande vingine navyo vina visa vyao. Tuseme ramani ya uga wa sumaku mliyompa kompyuta ina kosa, uga wa kweli ni mdogo kwa sehemu moja kati ya elfu kuliko ilivyoandikwa. Hapo kila momenta itakosewa kwa asilimia ileile, ya GeV 1 itakosea MeV 1 na ya GeV 9 itakosea MeV 9, hiyo ni p yenyewe bila mraba. Halafu kuna nishati inayopotea njiani, chembe inapotoka inapita kwenye haidrojeni, ukuta wa chombo, hewa, vifaa vya mbele, na chembe yenye kasi kubwa inapoteza MeV kadhaa zilezile iwe na GeV 3 au GeV 9, kwa hiyo hiyo ni namba isiyobadilika. Ukiziweka pamoja unapata

Δp = a + bp + cp²

ambapo Δp ni kosa la momenta, a ni nishati iliyopotea, b ni uga, c ni mkao wa chemba. Mwenye duka anaielewa hii vizuri kuliko wanafunzi wengi wa fizikia, mizani inayosoma gramu 20 ikiwa haina kitu juu yake ni ugonjwa tofauti na mizani ambayo springi yake imelegea, ya kwanza inakosea gramu 20 zilezile kila mara na ya pili inakosea zaidi kadiri mzigo unavyokuwa mzito, na fundi akija hatibu zote mbili kwa dawa moja.

Kuna kitu kingine kizuri sana hapa. Kosa la uga halijali chaji ya chembe, chanya na hasi zote zinakosewa upande uleule. Kosa la mkao linajali: chemba ikisogea kulia, chembe inayopinda kulia inaonekana imepinda zaidi, momenta yake inasomeka ndogo, na inayopinda kushoto inaonekana imenyooka zaidi kwa hiyo inasomeka kubwa. Kwa hiyo ukigeuza mkondo wa umeme kwenye sumaku, elektroni zilizokuwa zinapinda kuelekea bimu zikaanza kupinda kuelekea nje, kosa la mkao linageuza alama na la uga linabaki palepale. Hivo unaweza kuyatenganisha makosa mawili ambayo kwenye grafu moja yalikuwa yamekumbatiana. Na ukizima sumaku kabisa njia zote zinatakiwa ziwe zimenyooka, chochote kinachoonekana kupinda ni chemba kukaa vibaya, ndo maana data za sumaku iliyozimwa ni dhahabu kwa watu wanaopanga mkao wa chemba.

Sasa kazi yenyewe inavyofanyika. Unachagua migongano ambayo protoni imebaki nzima, unaigawa kwa sekta, afu ndani ya sekta unaigawa kwa pembe. Kila fungu unachora histogramu ya tofauti kati ya momenta inayotakiwa na iliyopimwa, unapata kilima, unatafuta katikati ya kilima. Kilima chenye upana wa MeV 40 ukiwa na matukio 2000 unaweza kujua katikati yake kwa usahihi wa chini ya MeV 1, maana unagawa upana kwa kipeuo cha pili cha idadi. Ni jambo la kushangaza ukilifikiria, kila elektroni moja moja imepimwa hovyo kwa makumi ya MeV lakini zikikaa pamoja zinakuonyesha kosa la MeV 1. Afu hizo nukta za katikati unaziweka kwenye grafu dhidi ya momenta na unapitisha polinomia kwa njia ya miraba midogo kabisa, ileile ambayo mwanahisabati Legendre aliichapisha 1805 na Gauss naye 1809.

Angalia mkia wa kilima lakini. Elektroni huwa inatema fotoni (chembe ya mwanga) kabla au baada ya kugonga, kwa hiyo inapoteza momenta kidogo na kilima kinakuwa na mkia upande mmoja tu. Ukichukua wastani wa fungu zima mkia unakuvuta, na utakuwa unarekebisha kitu ambacho siyo kosa la ditekta, ni fizikia halali. Unafiti, yaani unapitisha mstari wako, karibu na kilele tu, na bado unalinganisha na simulizi ya kompyuta (migongano ya kuigiza) yenye fotoni ndani yake uone kilele kinatakiwa kikae wapi hasa.

Kingine ni kwamba chemba haisogei nzimanzima, inaweza kuwa imeinama, au waya zinalegea, kwa hiyo kosa la upande wa kushoto wa sekta si la upande wa kulia. Hapo a, b na c zenyewe zinafanywa ziwe polinomia za pembe ya kuzunguka bimu, ambayo ndani ya sekta inatoka nyuzi hasi 30 hadi chanya 30. Kila moja ikipewa namba tatu, unakuwa na namba 9 kwa sekta, sekta sita namba 54, na hizo ni za elektroni peke yake, bado pioni, bado protoni. Mtu akiona faili lenye namba zote hizo anadhani ni uchawi au watu wamejitungia tu. Hapana, zina maana, ila unatakiwa ukumbuke kila moja imewekwa pale kwa sababu gani.

Na hapa ndo napotaka kukaa kidogo, maana ndo mahali nilipoona kazi nyingi zinaharibika. Programu ya kufiti haikatai kitu. Ukimwambia digrii ya tano, yaani hadi p⁵, itakupa digrii ya tano, ukimwambia ya tisa itakupa ya tisa, na kila ukiongeza digrii mstari unazidi kupita karibu na nukta, kwa macho unaona mambo yanakuwa mazuri. Niliwahi kufiti digrii ya tano kwenye sekta moja iliyokuwa inasumbua, nukta 11 tu, mstari ukapita kwenye nukta zote vizuri mno, W ikatulia kwenye 938 sekta nzima. Nilipochukua fungu lingine la data ambalo halikuhusika kwenye kufiti, ncha zote mbili za grafu zilikuwa zimeruka, kosa la ncha ya chini lilikuwa kubwa kuliko kabla ya kurekebisha. Mwanahisabati Runge alishaonyesha hili 1901, polinomia ya digrii kubwa inayolazimishwa kupita kwenye nukta zilizopangwa sawasawa inatulia katikati na kuyumba vibaya pembeni. Zile digrii za juu hazikuwa na kosa la kweli la kurekebisha kwa hiyo zilienda kurekebisha bahati nasibu ya data. Siku hizi nikiona p⁴ swali langu la kwanza ni moja, ni kitu gani ndani ya ditekta kinachokua kwa p⁴? Kama hakuna jibu, haikai.

Lakini hata digrii ndogo inaweza kukuangusha, na hii ni hatari zaidi kwa sababu haionekani. Rudi kwenye ile elektroni ya mwanzo. Migongano ambayo protoni imebaki nzima ina tabia moja, pembe na momenta zimefungwa pamoja kama kamba na ng'ombe. Kwenye GeV 10.6, elektroni ya nyuzi 6 ina GeV 9.98, ya nyuzi 10 ina 9.05, ya nyuzi 15 ina 7.65. Huwezi kupata ya nyuzi 10 yenye GeV 4 kwenye fungu hili, haipo. Ila ukija kwenye fizikia yenyewe unayoitafuta, pale protoni inapovunjika, elektroni za nyuzi 10 zenye GeV 3 au 4 zimejaa tele, na hizo ndo unataka kuzirekebisha.

Tufanye jaribio. Tuseme ukweli wa sekta yako ni kosa la mkao peke yake, p² tupu, MeV 54 kwenye GeV 9. Wewe hujui, umeona nukta zako kati ya GeV 7.65 na 9.98 zinapanda kama mstari ulionyooka ukasema digrii ya kwanza inatosha. Na kweli inatosha! Ndani ya eneo hilo mstari wako na parabola ya kweli hazipishani hata MeV 1, hakuna kipimo cha ubora wa fiti kitakachokulalamikia. Sasa upeleke mstari wako kwenye GeV 3. Ukweli pale ni kosa la MeV 6. Mstari wako unasema hasi 16. Yaani umechukua momenta iliyokuwa na kosa dogo ukairekebisha kuelekea upande usio sahihi, kosa likawa MeV 22, na kila kitu kwenye grafu ya kwanza kilikuwa safi.

Kwa hiyo unatafuta migongano mingine yenye jibu linalojulikana, inayofika chini. Elektroni inagonga protoni inatoka elektroni na pioni chanya, ambacho hakijaonekana lazima kiwe nyutroni, MeV 939.6. Au inatoka elektroni na protoni na kilichofichika ni pioni isiyo na chaji, MeV 135. Hapo elektroni inaweza kuwa na momenta yoyote na unajaza lile pengo. Gharama yake ni kwamba sasa una chembe mbili zilizopimwa na zote mbili zina makosa, nyutroni ikikaa pabaya humjui mwenye hatia. Watu wanaanza na elektroni kwa protoni nzima, wanaishika hiyo, wanarekebisha pioni, wanarudi kwa elektroni tena, wanazunguka hivo mara kadhaa mpaka namba zinaacha kusogea. Ni kazi ya uvumilivu, hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Protoni za polepole zinataka umbo lao. Chembe ikiwa polepole inapoteza nishati nyingi zaidi, protoni yenye momenta ya GeV 0.5 inapoteza kama mara tatu ya ile yenye kasi inayokaribia ya mwanga, kwa hiyo a haibaki kuwa namba tulivu, inapanda kwa nguvu upande wa chini. Ukiilazimisha ikae kwenye bp na cp² itakukatalia, hapo tumia 1/p na 1/p², inakaa vizuri na namba chache.

Kuna mtego wa nishati ya bimu. Hesabu zote hizi zimeamini kwamba ni GeV 10.6. Ikiwa si 10.6 kamili, polinomia zako zitalimeza hilo kosa kimyakimya na kulirekebisha kana kwamba ni la ditekta. Dalili yake ni sekta zote sita kusogea upande mmoja kwa kiasi kimoja, maana chemba sita hazina sababu ya kukosea kwa pamoja namna ile. Njia ya kujikagua ni kuitafuta nishati ya bimu kwa pembe peke yake: ukiwa na pembe ya elektroni na pembe ya protoni tu, bila momenta hata moja, unaweza kuikokotoa, na pembe kwa kawaida zinapimwa vizuri kuliko momenta.

Na hili nalisema kwa sababu nimeliona likifanyika: marekebisho yaliyotokana na data usiyapake kwenye simulizi. Simulizi ina chemba zilizokaa pale pale zilipochorwa, haina kosa la mkao, ukiirekebisha unaiumiza. Simulizi inahitaji kurekebishwa nishati iliyopotea, maana hiyo inayo kweli, na inahitaji kutiwa ukungu kidogo ili vilima vyake viwe na upana kama vya data. Maana marekebisho haya hayaondoi ukungu wa kila elektroni, yanahamisha katikati ya kilima tu. Ukiona kilima cha sekta zote kwa pamoja kimekuwa chembamba baada ya kurekebisha, ni kwa sababu vilima sita vilivyokuwa vimepishana sasa vimesimama mahali pamoja.

Wanaofanya kazi kwenye mashine kubwa zaidi wanapambana na jambo lilelile. 2022 timu ya CDF pale maabara ya Fermilab, Marekani, ilitoa masi ya chembe inayoitwa W (si ile W yetu ya mwanzo) kuwa MeV 80,433.5, kosa 9.4. 2024 timu ya CMS pale maabara ya CERN, Uswisi, ikatoa 80,360.2, kosa 9.9. Ugomvi wote huo ni wa MeV 73 kwenye elfu themanini, chini ya sehemu moja kati ya elfu, kwa hiyo kila mtu anarudi kuuliza momenta za miuoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinazotoka W ikivunjika) zilirekebishwaje. Ukifungua njia ya CMS unakuta vipande vitatu: kimoja cha uga, kimoja cha nishati inayopotea, na kimoja cha mkao wa vifaa ambacho kinageuza alama kwa chaji. Ndo a, b na c zetu. Namba zake wakazipata kwa chembe J/ψ, ambayo masi yake ni GeV 3.097 inayojulikana vizuri sana, afu wakaenda kuangalia chembe Z ambayo haikutumika kutafuta namba hizo, masi mara 29 zaidi, na kilima cha Z kikakutwa kimesimama kwenye GeV 91.19 panapotakiwa.